Gauni la Luvza

"Nyoosha miguu," Inasbai alimwambia mdogo wake. "Maiti hakunji magoti."

Rosin akanyoosha, akiguna. Dada yake akampima kwa shubiri kuanzia utosini hadi kisiginoni. Shubiri saba na vidole viwili.

"Na upana?"

"Iwe pana," Rosin alisema, macho kayafumba. "Ya kutosha watu wawili."

"Kaburini unalala na nani wewe? Marehemu mumeo mwenyewe alikuwa anakukimbia, analala zizini."

"Nitamfunika Luvza."

Inasbai akapima upana wa watu wawili.

Katika misitu ile ya juu ya Yellapur, huko India, kila mwanamke wa Kisidi, wale wenye asili ya Afrika, anajua kushona kavandi: blanketi la viraka vya nguo kuukuu, mshono unaanzia ukingoni na kuzunguka, kuzunguka, mpaka ukutane katikati. Lakini mkono wa Inasbai ulikuwa mkono mwingine. Akina mama wa mabibi harusi walimjia kutoka vijiji sita, kila mmoja na jogoo kwapani. Rosin naye alimtuma mtu mwaka jana na majogoo wawili. Wakarudi, wote wazima.

Sababu aliijua kila mtu. Miaka thelathini nyuma, siku alipozikwa Luvza, mtoto pekee wa Inasbai, aliyeishi miaka sita tu, Rosin alituma habari kwamba mguu unamuuma, hawezi kutembea. Kumbe alikuwa kwenye sikukuu ya kanisa la kijiji cha pili, na mguu wenyewe ulionekana ukicheza ngoma.

Kisha mwaka huu, mvua zilipokatika, Flovina binti wa Rosin alifika kwa Inasbai macho yamemvimba. Mama hamezi hata uji wa mchele. Anaomba kitu kimoja tu: kavandi ya mkono wa dada, azikwe nayo, kama alivyozikwa mama yao.

"Kwani ameshakufa?"

"Bado, mama mkubwa."

"Basi akishamaliza aniambie."

Hata jua halijazama, mkasi ulikuwa umeshaanza kukata.

Akashona siku kumi na tisa, kila siku kando ya kitanda cha mgonjwa. Rosin alitaka rangi nyekundu ya bibi harusi, asifike mbinguni kama mjane. Inasbai akaikata sari yake mwenyewe ya harusi. Jikoni kulinukia samaki mkavu wa kukaanga.

"Ni wa paka," Flovina alisema.

Inasbai hakuwahi kumwona paka katika nyumba ile, ila alikuwa na sindano mdomoni, hakuuliza.

"Padre ameshakuja na mafuta ya wagonjwa?"

"Kesho," Rosin alijibu. Ilikuwa kesho kila siku.

Mshono ulipokaribia katikati, Rosin alifumbua jicho moja. "Usisahau mchele, dada."

Katikati ya kavandi hushonewa punje chache za mchele, tumbo la mwenye kulala humo lisijue njaa.

"Mchele ni wa mwenye tumbo, Rosin. Wewe unakokwenda hakuna chungu."

"Safari ni ndefu."

Akautia. Likabaki tundu moja tu la kuziba, kiasi cha kiganja. Hapo Rosin akamshika mkono.

"Lile gauni la kijani," alinong'ona. "Weka hapo. Nitampelekea. Miaka thelathini yuko huko, hana nguo ya kubadili."

Gauni lilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti. Halikufuliwa tangu livuliwe. Inasbai aliufungua mkebe mara moja kwa mwaka, akatia pua shingoni mwa gauni, akaufunga upesi harufu isiishe. Paa lilipovuja, alilala yeye mvuani na mkebe tumboni.

Akaenda nyumbani, akarudi nao.

"Utamtambua?"

"Ana macho ya mama," Rosin alisema.

Mkasi ukamshinda. Ikabidi Rosin ashike upande wa pili wa gauni, alikaze. Alilikaza barabara, mkono wa mgonjwa haukutikisika hata kidogo. Dada yake akakata.

Kifua cha gauni kikaziba tundu la katikati. Kwa kuwa kavandi isiyo na maua kwenye pembe zake ni kavandi iliyo uchi, Inasbai alikunja vipande vya mikono na sketi, akashona maua manne, moja kila pembe. Mkebe ukabaki mtupu. Akamfunika mdogo wake mpaka kidevuni.

"Mwambie mama yake hajachoka kumkumbuka," alisema. "Mwambie naja." Akafika mlangoni, akasimama. "Na ule mguu, nimekusamehe."

Rosin alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Inasbai akavaa sari ya msiba, akaketi kizingitini kwake kusubiri kengele ya kanisa. Siku ya kwanza haikulia. Ya pili haikulia. Ya tatu asubuhi akaona amekosea kumwacha mdogo wake peke yake na mauti, akachukua mishumaa miwili na kushika njia.

Alisikia vicheko kabla hajafika uani. Rosin alikuwa amesimama juani kwa miguu yake yote miwili, ua la asumini kwenye nywele, ameshika ncha mbili za kavandi. Ncha nyingine alizishika mwanamke mgeni mwenye bangili nyingi.

"Si nilikwambia, mkwe?" Rosin alisema. "Flovina haolewi bila mkono wa Inasbai."

Mama wa bwana harusi akainama, akanusa katikati, akakunja pua. "Na hiki cha kijani? Kimechakaa. Kinanuka mkebe."

"Hicho?" Rosin alisema. "Kibandue tu."