Roketi ya Udongo Tumboni

Tangu serikali ifunge anga, roketi ya kuchezea haikai nyumbani mpaka ishindiliwe udongo tumboni, mahali pa injini, isije ikaruka. Tusekile alipenda kuunda upya zile za zamani ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza. Jioni hiyo alibandika mabawa ya mbao, akashindilia udongo wake, kisha akaanza kukunja parachuti kwa uangalifu.

“Parachuti ya nini tena, Mama Sekela, na hairuki?” mumewe aliuliza.

“Ya zamani ilikuwa nayo.”

Binti yao Sekela akapapasa ncha ya roketi. “Mama, mbona imechongoka huku juu? Kwani juu kuna nini?”

Tusekile alifumbua mdomo amjibu, akasita. Aliinuka kwanza, akafunga dirisha.