Sanda Bila Kipimo

Fundi cherehani alikuwa ameshaanza kukata kitambaa cheupe, kaka mkubwa wa marehemu alipoingia dukani na uzi aliompimia nduguye.

"Fundi! Hujapima, unakata?"

Mkasi ukasimama. Kwa miaka kumi na tisa fundi na marehemu walikuwa wakiwaambia watu kwamba wao ni wabia tu, wanalala chumba kimoja cha nyuma kwa sababu ya ugumu wa maisha. Kaka aliujua ukweli wa mapenzi yao, akaapa hatakanyaga pale. Neno lake moja msibani, na fundi asingeruhusiwa hata kusogelea jeneza.

Fundi aliigusa futi iliyoning'inia shingoni mwake. Marehemu alikuwa hapimiki. Futi ikimgusa tu kwapani, anacheka mpaka anakaa chini.

"Urefu wake naujua," alisema polepole.

Kaka akaunyoosha uzi juu ya kitambaa. Ukaishia pale pale mkasi ulipopita.

Akauzungusha uzi kidoleni.

"Maliza upesi," alisema mwishowe, bila kumtazama. "Halafu uje. Wanaomwosha hawajui ni mguu upi uliokuwa ukimuuma."