Kigari cha Viti Viwili

Farhan alilipiga tairi teke, akaumia yeye.

"Litoe hapa!" alifoka huku akirukaruka kwa mguu mmoja. "Naima! Njoo ulitoe hili dude lako kabla sijalifanyia kitu kibaya!"

Dude lenyewe lilikuwa limejaa uani pale Mtoni, kati ya kamba ya nguo na mlango wa choo. Kigari chekundu cha Kijerumani, kimeletwa na meli kutoka Japani, milango miwili, viti viwili vya ngozi, tumbo chini kama mjusi. Ukibonyeza kitufe, paa linajikunja lenyewe kwenda nyuma. Ili kipite, Naima alikuwa amebomolesha nguzo ya geti asubuhi ile, Farhan akiwa kazini Manzese anashona makochi.

Wala hakuambiwa na mwenye gari. Aliambiwa na Recho, msusi wa nyumba ya pili, aliyempigia simu huku anacheka.

"Braza, mkeo kanipita Barabara ya Kilwa, mtandio unapepea! Mbwana kakaa pembeni yake. Wamependeza kama maharusi!"

Farhan alitupa nyundo, akaacha kochi la mteja halina mgongo.

Sasa Naima alitoka jikoni taratibu, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Kelele za nini, mume wangu? Watu wamepumzika."

"Usiniite mume wako! Hili umelipata wapi?"

"Yadi."

"Kwa pesa gani?"

"Ya kiwanja."

Farhan akahisi kichwa kinamwaka moto. Kiwanja cha Mbagala! Kila Jumapili alikuwa akienda kukifyeka majani. Nyumba alishaichora kwa kijiti mchangani, akajua sebule inakaa wapi, na dirisha la Naima akalielekeza kunakotoka upepo.

"Ulisema kiwanja changu!"

"Nilisema siku nikifa. Mbona unanihimiza?"

"Naima, usinifanye mtoto mie!"

"Kiwanja nilikinunua kwa vitumbua. Moshi uliingia macho yangu, si yako."

"Na huyo Mbwana? Naye umemnunua kwa vitumbua?"

Naima akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomtia Farhan wazimu.

"Mbwana ananifundisha kuendesha. Nikipotoka anashika usukani."

"Usukani tu?"

"Na mkono, nikiogopa malori."

"Mtaa mzima unanicheka! Mke wa Farhan anazurura na wanaume, gari lenyewe liko kichwa wazi ili kila mtu aone!"

Recho akachungulia juu ya ukuta, kitana kimemng'ang'ania nyweleni. "Braza, wivu huo utakuua na ujana wako!"

"Wewe suka!"

"Si ndo nasuka! Masikio hayashiki kitana."

Naima hakucheka safari hii. Alisogea akaegemea kigari, mkono juu ya boneti kama anayempapasa mbuzi wake.

"Sikiliza, Farhan. Tangu nizaliwe nimepakiwa. Kwenye lori nimepakiwa, kwenye basi nimepakiwa. Siku ya harusi yangu nilitupwa nyuma kama gunia la mchele, nimefunikwa gubigubi, njia siioni. Na mie nataka kuiona njia. Nataka nikanyage mie, gari liende."

"Basi ungenunua gari la maana! Lenye nafasi! Viti viwili, Naima! Kimoja chako, kimoja cha Mbwana. Mie nikae wapi?"

Hapo akageuza uso kwenye kamba ya nguo, akajifanya anatazama shuka.

"Kiti cha pili chako," Naima alisema polepole, "siku ukiacha kununa. Mwanaume mzima, mpaka leo nakukumbusha kuoga, halafu unataka kunipangia magari."

Recho akaangua kicheko nyuma ya ukuta. Farhan akageuka, macho mekundu kuliko kigari.

"Nipe ufunguo! Kesho kinarudi yadi, kiwanja kinakombolewa."

"Sikupi."

"Nipe!"

"Ukiugusa mkono wangu, nitapiga yowe mpaka wa kule msikitini wasikie."

"Basi chagua, leo hii, hapa hapa. Gari au mie!"

Kule kwa jirani kusuka kukasimama. Hata kichwa kilichokuwa kinasukwa kikainuka kuchungulia, nusu misuko, nusu matimutimu.

Naima alifungua mlango, akatanguliza nyonga, akaingiza mguu mmoja, na wa pili akaushika kwa mikono akauvuta ndani. Injini ikanguruma. Kuku wakatawanyika. Paa likajikunja nyuma, na shuka moja likaanguka kutoka kwenye kamba likamfunika Farhan kichwa. Alilitupa huko, akaruka mbele ya gari, akakita mguu mmoja usawa wa tairi na mikono yote miwili juu ya boneti.

"Huendi popote! Mwanaume wa nyumba hii ni mie, na nikisema huendeshi, huendeshi!"

Naima akafunga mkanda, akamtazama juu ya usukani.

"Mwenye kunipigia kelele hizo alikuwa babu yako, na tumeshamzika," akasema. "Toa mguu, mjukuu wangu, nisije nikaukanyaga."