Kengele ya Kinu

Binti yangu alivuta kamba iliyoning'inia juu ya meza, na kengele ikalia.

Mama yangu, Soazig, alizaliwa katika kinu hiki cha maji, marehemu babu akiwa msagaji. Siku hizi ni nyumba ya kukodi wakati wa likizo, nami nilikikodi wiki moja ili mama arudi kwao Bretani, huko Ufaransa. Tangu tufike alikuwa amenuna.

"Kwetu palikuwa peupe kwa unga," alisema, "si kwa rangi."

Kengele iliachwa kama pambo tu. Zamani ililia yenyewe ngano ilipokaribia kwisha, maana mawe yakisagana matupu hutoa cheche, na kinu huungua.

Kusikia mlio ule, mama aliitupa chapati yake, akapanda ngazi mbio, na magoti yake yale mabovu.

"Mama, utaanguka!" Nikamfuata.

Juu, palipomiminwa ngano, sasa pana kitanda. Alikuwa ameukumbatia mto wa kulalia kama gunia, akitafuta pa kuumwaga.

Akageuka, anahema, uso umemng'aa.

"Mwambie Baba, Soazig amewahi!"

Nikainama kwenye ngazi, nikapaza sauti:

"Babu! Soazig amewahi!"