Sipana ya Kaka

Kaka yangu aliinua sipana juu ya kichwa cha kijana aliyelala chali kwenye sakafu ya karakana. Nikaudaka mkono wake.

Katika chuo kizima cha ufundi, watu wa msituni tulikuwa mimi na kaka tu. Kijana yule alikuwa akituita nyani tangu tulipofika. Asubuhi hiyo, mbele ya darasa, alikikandamiza kiganja changu kwenye bomba la injini iliyotoka kuzimwa. Akacheka, akasema watu wa porini hawasikii moto. Nilipochomoa mkono, ngozi ilibaki imenata bombani.

Kaka alimwangusha kwa ngumi moja, kisha akaokota sipana.

"Niachie, mdogo wangu," alisema. "Leo namalizana naye."

"Ukimuua, watasema walijua tu. Hakuna mtoto wa kwetu atakayepokelewa hapa tena."

"Basi wasipokelewe."

Akajinasua. Sipana ilipokuwa ikishuka, nilijitupa katikati. Ikanipata begani, nikausikia mfupa ukikatika. Nilianguka juu ya kifua cha kijana, damu ya pua yake ikanilowesha shavu.

Mlinzi akaingia mbio. "Nani amefanya haya?"

Kaka alisimama kama gogo, sipana mkononi.

"Nimeanguka," nikasema.

Mlinzi akamgeukia kijana. "Na wewe?"

Kijana alikitazama kiganja changu kilichochunika.

"Sakafu inateleza," akasema.