Suruali ya Mwalimu Mkuu

Suruali ya mwalimu mkuu ilirudishwa dukani kwa mara ya tatu. Mwenyewe ni pande la mtu, na kiuno alichoshonewa kingembana mwanafunzi wake wa darasa la nne.

"Baba yako ndio basi tena," mama alimwambia binti yake mkubwa kwenye simu. "Mkasi anaushika vizuri, lakini kichwani hamna kitu. Njoo tumpeleke kwa daktari kabla hajatutia aibu mji mzima."

Binti alikaa kitako. Baba yake alikuwa fundi wa nguo kwa zaidi ya miaka arobaini, na kazi yenyewe ilikuwa ya watu wawili: mama anapima wateja na kukariri, baba anakata. Daftari hawakuwahi kuwa nalo. Mama alikuwa akitaja kiuno, paja na urefu wa mteja wa mwaka juzi huku anamenya vitunguu, na baba anakata bila kuuliza mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya duka. Mteja akinenepa, mama ndiye wa kwanza kumtania.

Sasa wateja walikuwa wanahama mmoja mmoja. Watoto walishakubaliana: daktari akisema ni ugonjwa, mkasi unafungiwa kabatini na duka linafungwa. Binti alipomweleza baba, alitegemea ugomvi. Mzee alikunja kitambaa kilichokuwa mezani, taratibu, kona kwa kona.

"Sawa," alisema. "Lakini mama yako aje. Bila yeye siendi."

Mama na hospitali walikuwa paka na panya. Hata alipovunjika kidole alijifunga kitambaa mwenyewe, yakaisha. Ila kwa ajili ya mumewe alivaa viatu vyake vya kutokea, akawa wa kwanza mlangoni.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, asiye na haraka.

"Ubongo hauachi kubadilika," alisema. "Wa mtoto hufungua njia nyingi kupita kiasi, kisha zile asizozitumia zinakatwa. Uzeeni unapungua kidogo, na kusahau jina la mtu si ajabu. Ugonjwa ni kitu kingine. Mara nyingi huanza kula mambo mapya, ya zamani yanabaki."

Yote hayo aliyasema akimtazama mama. Binti aliona ni haki, maana mzigo wa kuuguza ungemwangukia yeye.

"Haya, mzee. Mmeoana miaka mingapi?"

Baba alitazama sakafu.

"Thelathini," mama alidakia.

Binti, mwenye miaka arobaini na mbili, aliuma midomo asicheke. Mama alipenda kujipunguzia umri.

"Jana usiku mlikula nini?"

Baba alimgeukia mkewe.

"Wali," mama alisema. "Ale nini tena?"

"Tulipoanza nilitaja vitu vitatu, nikaomba mvikumbuke. Mzee?"

Mzee alitikisa kichwa. Mtu aliyeweza kukata koti kwa kusikia vipimo tu, leo alikuwa hana hata neno moja.

"Mama, unaweza kumsaidia?"

"Mwache mume wangu, daktari! Mtu mzima haulizwi maswali ya chekechea."

Daktari aliandika kwa muda mrefu. Baba alijifuta macho kwa kiganja. Binti alitamani kumkumbatia, akaona haya mbele ya mgeni.

"Ni ugonjwa," daktari alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Tutaanza dawa leo."

Mama alimshika mumewe mkono, akamwinua. "Usiogope, baba watoto. Mimi nipo. Nitakukumbusha kila kitu." Wakatoka polepole, yeye mbele, mzee nyuma.

Binti alibaki kupokea cheti cha dawa. Alikisoma mara mbili.

"Daktari, umekosea. Hapa umeandika jina la mama."

"Sijakosea. Baba yako alikuja peke yake wiki iliyopita, nikampima. Hana tatizo lolote." Daktari alivua miwani yake. "Aliniambia, 'Kwa ajili yake mwenyewe hatakuja. Niulize mimi, daktari. Atajibu yeye.'"