Jezi Namba Kumi na Nne

Jezi namba kumi na nne ilikuwa shambani kijijini Poli, mgongoni mwa mama mkwe, inachuma kahawa.

Lydia ndiye aliyempa mama yake. Aliiona imekaa tu kabatini, mpya, haijui jasho. Philemoni, mumewe, hakununa. Kinachoshangilia ni mdomo, alisema, si jezi. Akafunga zipu ya koti lake la baridi ya Moshono, akajaza chai kwenye chupa, akaenda kuwahi basi la timu ya Arusha.

Miaka sita hajakosa mechi hata moja. Mwanza kaenda, Dodoma kaenda, na mlangoni hajawahi kudaiwa tiketi. Hii ya Dar asingeikosa hata kwa homa: wakifungwa, timu inashuka daraja na safari zimekwisha. Jambo hilo lilimuuma kweli.

Mpaka kufika Korogwe alikuwa ameshawachambua wote waliomo basini. Mpira wa kikapu wa kulipwa umeharibika, aliwaambia. Kila mtu anarusha kutoka mbali utadhani chini ya goli kumefungwa mbwa. Watu wanapokea mshahara, jasho hawatoi. Wachezaji wakavuta kofia usoni, wakalala.

Uwanjani alikaa mahali pake pa siku zote, karibu na Kocha Gerson, koti mwilini ingawa Dar ilikuwa inachemka. Akatafuna karanga na kutoa ushauri.

"Kocha, huyo mtoe, amechoka."

Gerson hakugeuka. Alishamzoea.

Robo ya mwisho mambo yakaharibika. Wawili wa Arusha walitolewa kwa faulo tano tano. Wa tatu aliteguka kifundo cha mguu, akabebwa. Kila aliyeingizwa badala yao alitoka anachechemea. Zikabaki sekunde arobaini, Arusha ikiwa nyuma kwa pointi moja. Philemoni alisimama juu ya benchi, karanga zikimwagika, akimlaumu refa, akimlaumu kocha, akimwomba Mungu kwa Kichaga.

"Ingiza mtu yeyote," alifoka, "hata mlinzi wa getini."

Ndipo Gerson alipogeuka, kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kukata tamaa.

"Philemoni, kwenye orodha ya wachezaji umebaki wewe tu. Vua koti, ingia ucheze."

Philemoni akafunga chupa ya chai, akatoa simu, akampigia mama mkwe.